Bruce McKenzie: Waziri aliyevileta vita vya Mashariki ya Kati hadi mlangoni petu

SULTAN HAMUD, Makueni

MSAFIRI atokaye Nairobi kuelekea Mombasa huupita mji wa Sultan Hamud kwa haraka. Huona safu ya maduka kando ya barabara, malori yaliyoegeshwa, ng'ombe na mbuzi waliotoka upande wa Umaasaini na reli kongwe iliyojengwa na Waingereza. Jina la mji lilitokana na Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia mwaka 1896 hadi 1902. Inasimuliwa kwamba alifika hapa mwaka 1898 kujionea reli ilikokuwa imefika.

Ni nadra mtu kuuhusisha mji huu na Jerusalem, Gaza au jangwa la Sinai. Hata hivyo, reli, barabara kuu na bomba la mafuta lenye kituo cha kusukumia mafuta papa hapa Sultan Hamud ndiyo mishipa ya Kenya, Uganda na nchi zilizo nyuma yake. Kila mara Waarabu na Waisraeli walipopigana, mishipa hiyo ilitikisika.

Katika historia ya Kenya huru, hakuna mtu aliyeifunga nchi hii na ugomvi huo kwa fundo gumu kuliko Bruce Roy McKenzie, mkulima Mzungu aliyekuwa waziri na mshauri wa Mzee Jomo Kenyatta. Alikufa Mei 24, 1978, bomu lilipolipuka ndani ya ndege aliyoabiri juu ya milima ya Ngong. Vijana wengi wa leo hawalijui jina lake. Wazee wanaolikumbuka hugawanyika: wako wanaomwita rafiki wa Kenya, na wako wanaomwita jasusi wa mataifa ya kigeni.

RUBANI AGEUKA MKULIMA

McKenzie alizaliwa mwaka 1919 mjini Durban, Afrika Kusini. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilimkuta kijana, naye akajiunga na jeshi la anga. Alirusha ndege za kivita na kutunukiwa nishani za juu za ushujaa za Uingereza, DSO na DFC.

Mwaka 1946, vita vilipokwisha, alihamia Kenya kama walivyofanya wanajeshi wengi wa zamani waliovutiwa na ardhi ya Nyanda za Juu, iliyotengewa Wazungu. Aliweka makazi katika eneo la Nakuru, akalima na kufuga, na haikupita miaka mingi kabla ya kutambuliwa kuwa mmoja wa viongozi wa wakulima walowezi.

Mnamo 1957 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Huo ulikuwa wakati mgumu. Vita vya Mau Mau vilikuwa vimeacha makaburi na vizuizi, na walowezi wengi walikuwa bado wakiamini kwamba Mwafrika hangetawala Kenya katika maisha yao. McKenzie, aliyekuwa waziri wa kilimo katika serikali ya kikoloni kuanzia mwaka 1959, aliusoma upepo mapema kuliko wenzake. Alipoona kwamba uhuru hauepukiki, alijiunga na chama cha KANU, hatua iliyowaudhi Wazungu wengi waliomwona kuwa msaliti.

Alikuwa miongoni mwa waliohudhuria mazungumzo ya katiba ya Lancaster House jijini London. Katika serikali ya mseto ya mwaka 1962 alikabidhiwa masuala ya makazi na maendeleo ya maji. Kenya ilipopata madaraka na kisha uhuru mwaka 1963, Kenyatta alimteua Waziri wa Kilimo na Ufugaji. Katika baraza la kwanza la mawaziri la Kenya huru, yeye ndiye aliyekuwa Mzungu wa pekee.

ARDHI NA MADENI

Kazi iliyomkabili haikuwa ndogo. Ardhi ndiyo iliyopelekea watu msituni, na ardhi ndiyo iliyokuwa kipimo cha uhuru. Kupitia mpango wa ekari milioni moja, serikali ilinunua mashamba ya walowezi kwa fedha zilizotoka Uingereza na kwa mashirika ya fedha ya kimataifa, ikayagawa na kuyauza kwa Waafrika. Familia zipatazo 35,000 zilipata makao katika mpango huo.

Waliousifu walisema uliepusha umwagaji damu na kulinda uzalishaji wa chakula. Wakosoaji waliuliza kwa nini Mwafrika alazimishwe kukopa ili kuinunua ardhi ambayo babu zake walinyang'anywa. Hoja zote mbili zina uzito hadi leo. Lisilokanika ni kwamba katika miaka ya uwaziri wa McKenzie, mkulima mdogo aliruhusiwa na kusaidiwa kupanda mazao ambayo ukoloni ulikuwa umemnyima, hasa majani chai chini ya mamlaka ya KTDA iliyoundwa mwaka 1964. Mwaka huo huo mbegu chotara za mahindi zilizotafitiwa Kitale zilianza kuwafikia wakulima.

Kufikia mwaka 1970, McKenzie alikuwa ameacha uwaziri na kujitosa katika biashara. Hata hivyo, mlango wa Kenyatta haukufungwa kwake. Aliendelea kuwa mshauri wa Rais, na hasa mtu wa kutumwa pale ambapo balozi hangeweza kutumwa. Inaaminika sana kwamba alikuwa na uhusiano wa karibu na idara ya ujasusi ya Uingereza na ile ya Israeli, Mossad. Ni uhusiano huo uliomfanya awe daraja kati ya Nairobi na Tel Aviv.

CHIMBUKO LA UGOMVI

Ili kuelewa ni kwa nini Waisraeli walihitaji daraja hilo, lazima turudi nyuma kidogo.

Desemba 1902, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliabiri gari moshi kutoka Mombasa kuelekea bara. Njia ilikuwa hii hii ipitayo Sultan Hamud. Aliporudi kwao alishawishika kwamba Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya Mashariki wangeweza kupewa makao Afrika Mashariki. Mwaka 1903 serikali yake ilimpendekezea Theodor Herzl, kiongozi wa harakati za Kizayuni, eneo la Uasin Gishu. Ujumbe ulitumwa kulikagua, na mwaka 1905 kongamano la Wazayuni likalikataa. Macho yao yalibaki Palestina. Hakuna aliyewauliza Wanandi na Wamaasai maoni yao, kama ambavyo Waarabu wa Palestina hawakuulizwa baadaye.

Palestina ikawa chini ya Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Wayahudi waliendelea kuingia, na mauaji ya mamilioni yao mikononi mwa Wanazi yakaongeza kilio cha kutaka dola lao. Novemba 29, 1947, Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kuigawa nchi hiyo. Wayahudi walikubali, Waarabu wakakataa wakisema wanapokonywa nchi yao. Israeli ilipotangazwa Mei 14, 1948, majeshi ya nchi za Kiarabu yaliivamia. Vita hivyo viliwaacha Wapalestina zaidi ya 700,000 wakiwa wakimbizi.

Vikafuata vita vya Suez mwaka 1956, na vile vya Siku Sita kuanzia Juni 5, 1967, ambapo Israeli iliteka Sinai, Gaza, Ukingo wa Magharibi wa Mto Jordan, Jerusalem Mashariki na milima ya Golan. Mfereji wa Suez ulifungwa kwa miaka minane, hadi Juni 1975. Meli zilizotoka Ulaya kuja Mombasa zikawa hazina budi kuizunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Gharama ya safari hiyo ililipwa na mnunuzi wa kawaida dukani.

Israeli, iliyozungukwa na maadui, ilitafuta marafiki Afrika. Ilijenga, ilifundisha na kutoa ushauri wa kilimo na wa kijeshi. Hapa Ukambani, mjini Machakos, ilisaidia kuanzisha chuo cha kuwafunza wafanyakazi wa maendeleo ya jamii mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nchini Uganda ilifunza wanajeshi, na kampuni yake ya ujenzi ikashiriki kujenga uwanja wa ndege wa Entebbe. Miongoni mwa maafisa wa Uganda walionufaika na urafiki huo alikuwa Idi Amin, aliyeitwaa serikali Januari 25, 1971.

AMIN AGEUKA, KENYA YAYUMBA

Urafiki wa Amin haukudumu. Aliomba silaha na fedha zaidi, akanyimwa. Akageukia Libya ya Muammar Gaddafi, na Machi 1972 akawafukuza Waisraeli wote nchini mwake. Jengo la ubalozi wao lilikabidhiwa Shirika la Ukombozi wa Palestina, PLO.

Oktoba 6, 1973, Misri na Syria ziliishambulia Israeli. Nchi za Kiarabu zilitumia mafuta kama silaha, na bei ya pipa ikapanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12 katika muda wa miezi michache. Nchi nyingi za Afrika zilikata uhusiano na Israeli. Kenya nayo ilifanya hivyo Novemba 1973. Waafrika walitarajia kwamba ndugu zao Waarabu wangewauzia mafuta kwa bei nafuu, lakini bei hiyo haikuja. Mwenye lori, mwenye posho mill na mwenye taa ya kibatari, wote walilipia vita ambavyo hawakuwa wamevianzisha.

Lakini Kenya iliyokata uhusiano mchana haikuukata usiku. Ndege za El Al ziliendelea kutua Nairobi, na maafisa wa usalama wa nchi hizo mbili waliendelea kubadilishana habari. McKenzie alikuwa katikati ya mawasiliano hayo. Kenyatta alikuwa na sababu yake ya kuyaruhusu: Somalia upande wa mashariki ilidai sehemu ya nchi, na Februari 1976 Amin naye alidai kwamba eneo la magharibi mwa Kenya, hadi karibu na Nairobi, lilikuwa mali ya Uganda.

Januari 1976, Wapalestina kadhaa walikamatwa Nairobi wakiwa na makombora ya kuitungua ndege ya El Al. Wajerumani wawili walikamatwa baadaye kuhusiana na njama hiyo. Wote watano walikabidhiwa Israeli kimyakimya, bila mahakama ya Kenya kuwasikiliza.

USIKU WA ENTEBBE

Juni 27, 1976, ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa nyara baada ya kusimama Athens. Watekaji walikuwa Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Ilipitia Benghazi, na Juni 28 ikatua Entebbe, ambako watekaji waliungana na wenzao na kupokewa na Amin. Walidai kuachiliwa kwa wafungwa 53, wakiwemo wale watano waliokamatwa Kenya.

Abiria wasio Waisraeli waliachiliwa kwa makundi. Waliobaki, pamoja na wahudumu wa ndege waliokataa kuwaacha abiria wao, walikuwa zaidi ya 100.

Hapo ndipo McKenzie alipofanya kazi iliyoamua hatima yake. Inaelezwa kwamba yeye ndiye aliyemshawishi Kenyatta awaruhusu majasusi wa Israeli kukusanya habari za Entebbe kutoka Nairobi, na ndege za Israeli kutumia uwanja wa Embakasi. Kutoka Israeli hadi Entebbe ni karibu kilomita 4,000. Bila mahali pa kujazia mafuta njiani, ndege zisingeweza kurudi. Hivyo basi, mafuta yaliyosafirishwa kutoka Mombasa hadi Embakasi kupitia ukanda huu wetu ndiyo yaliyokuwa ufunguo wa mpango mzima.

Usiku wa Julai 3 kuamkia Julai 4, ndege nne za Hercules zilitua Entebbe. Makomando waliwaokoa mateka 102. Mateka watatu waliuawa katika mapambano, pamoja na kamanda wa kikosi, Yonatan Netanyahu. Watekaji wote waliokuwepo waliuawa, na wanajeshi wa Uganda wanaokadiriwa kuwa 45. Ndege zilipitia Nairobi, ambako ndege yenye madaktari ilikuwa ikingoja, zikajaza mafuta na kuondoka. Serikali ya Kenya ilikana kushiriki katika njama hiyo.

Ulimwengu wa Magharibi ulishangilia. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulilaani kuvunjwa kwa mipaka ya nchi mwanachama. Mjini Kampala, bibi kizee Dora Bloch, mateka aliyekuwa amepelekwa hospitali ya Mulago, alitolewa kitandani na kuuawa.

HASIRA ZA KAMPALA

Waliolipa gharama kubwa zaidi ni watu ambao hawakuwahi kusikia jina la McKenzie. Walikuwa Wakenya waliofanya kazi Uganda: makarani, wafanyakazi wa reli, wachuuzi, walimu na vibarua. Askari wa Amin waliwageukia. Mamia wanaaminika kuuawa, na maelfu walikimbia kuvuka mpaka wakiwa na nguo walizovaa tu. Hakuna makomando waliotumwa kuwaokoa.

Kenya nayo ilibana koo la Uganda. Shehena za mafuta zilizuiwa, na Amin, aliyekuwa akitegemea bandari ya Mombasa na reli hii, akajikuta bila petroli. Vitisho vya vita vilisikika wiki kadhaa kabla ya nchi hizo mbili kukubaliana kutuliza mambo. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa tayari mahututi kwa sababu nyingine, ilivunjika mwaka 1977.

SAFARI YA MWISHO

Ni vigumu kueleza ni kwa nini mtu aliyejua yote hayo alikubali kurudi Uganda. McKenzie alikwenda. Alikuwa mfanyabiashara, na inaonekana aliamini kwamba pesa na mazungumzo vinaweza kumaliza kinyongo. Mei 24, 1978, yeye, wafanyabiashara wawili na rubani wao waliondoka Entebbe kwa ndege ndogo baada ya shughuli zao huko. Walipokaribia Nairobi, juu ya milima ya Ngong, ndege ililipuka. Wote wanne walikufa. McKenzie alikuwa na umri wa miaka 59.

Wengi waliamini mara moja kwamba huo ulikuwa mkono wa Amin. Simulizi iliyoenea zaidi ni kwamba bomu lilifichwa ndani ya kichwa cha mnyama kilichokaushwa, alichopewa kama zawadi. Wapo wanaolitilia shaka jambo la zawadi hiyo, lakini kwamba ndege iliangushwa na bomu si jambo la kubishaniwa sana.

Nchini Israeli, msitu ulipandwa kwa jina lake kwa juhudi za Meir Amit, aliyewahi kuwa mkuu wa Mossad. Hapa Kenya hakupata mnara wa namna hiyo. Kenyatta mwenyewe alifariki Agosti 22 mwaka huo huo, miezi mitatu tu baada ya mshauri wake. Aprili 11, 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliitwaa Kampala, na Amin akakimbilia uhamishoni. Mabaki ya Dora Bloch yalipatikana mwaka huo.

MOTO HAUKUZIMIKA

Kifo cha McKenzie hakikulifunga deni. Desemba 31, 1980, wakati watu wakiukaribisha mwaka mpya, bomu liliiharibu hoteli ya Norfolk jijini Nairobi, iliyomilikiwa na familia ya Kiyahudi. Watu wapatao 20 waliuawa na makumi wakajeruhiwa. Shambulio hilo lilitazamwa na wengi kuwa kisasi cha Entebbe.

Kenya ilirejesha uhusiano wa kibalozi na Israeli mwaka 1988. Novemba 28, 2002, hoteli iliyotembelewa na watalii wa Israeli huko Kikambala, kaskazini mwa Mombasa, ilishambuliwa na magaidi wa Al-Qaeda. Katika waliouawa walikuwemo Wakenya 10 na Waisraeli watatu. Wakenya hao walikuwa kazini, wakiwemo wachezaji ngoma waliokuja kuwakaribisha wageni. Wakati huo huo makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege ya Israeli iliyokuwa ikipaa Mombasa, yakaikosa. Njama ya Januari 1976 ilikuwa imerudi kwa sura nyingine.

Vita vilivyozuka Gaza baada ya shambulio la Oktoba 7, 2023 vilikumbusha tena somo la mwaka 1967. Mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi kukwepa Suez na kuizunguka Afrika, na wafanyabiashara wa hapa wakahisi bei ya kusafirisha bidhaa ikipanda.

HUKUMU YA HISTORIA

Je, McKenzie alikosea? Mtu mwenye haki hawezi kusema kwamba mateka wale, wakiwemo wazee na watoto, wangeachwa chini ya mitutu ya bunduki ili Kenya ilale salama. Aidha, Amin alikuwa adui wa Kenya kabla ya ndege hiyo kutekwa. Aliyemsaidia adui wa adui yake hakuanza ugomvi.

Lakini ipo hoja nyingine ambayo haiwezi kupuuzwa. Uamuzi uliowagharimu Wakenya maisha yao ulifanywa na watu wachache, gizani, bila Bunge wala Baraza la Mawaziri kuhojiwa hadharani. Katika wachache hao, mmoja alikuwa akiitumikia Kenya huku akiaminika kuzitumikia pia idara za nchi nyingine. Hakuna aliyekumbuka kuwaonya Wakenya waliokuwa Kampala na Jinja warudi nyumbani kabla ya usiku ule. Siri iliwaokoa mateka, na siri hiyo hiyo iliwaacha wenyeji bila kinga.

Wahenga walinena kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Kenya haikuwa fahali katika vita vya Waarabu na Waisraeli. Lakini mwaka 1976 haikuwa nyasi tu: ilikuwa pia mwenye boma aliyewafungulia lango. McKenzie ndiye aliyeshika komeo, na alilipa kwa uhai wake. Wengine waliolipa hawakuwahi kuuona ufunguo.

Mwaka alipokufa, 1978, ndio mwaka ambao bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi, likipita Sultan Hamud. Mafuta yangali yakipita katika ukanda huu, yakielekea Nairobi, Kampala na kwingineko, na bei yake ingali ikitegemea utulivu wa nchi ambazo wakazi wengi wa mji huu hawatazikanyaga. Kila serikali ya Kenya itakayoombwa tena kumfungulia mtu lango katika ugomvi huo itapaswa kwanza kuwahesabu watu wake walio nje ya boma.